Nani wa Kwanza kati ya Wazito wa Juu wa Ziwa Nyasa

Siku ya kwanza nilipoketi kwenye kiti cha jaji wa ngumi nilikuwa na jino linalocheza. Lililegezwa na Ambakisye wa Lyulilo Jumamosi iliyotangulia, katika pambano langu la kwanza la uzito wa juu, ambalo pia lilikuwa la mwisho. Vijana huwa nawaambia kwamba nilidumu naye raundi mbili na nusu. Ukweli ni kwamba watu walikuwa bado wanatafuta pa kukaa. Nilimrushia konde moja la kulia ambalo, kama lingempata, leo mngekuwa mnasoma habari nyingine kabisa. Halikumpata. La kwake lilinipata, na nilipozinduka niliuliza kama mvua imekatika. Siku hiyo haikunyesha, na hapa Kyela siku kama hiyo watu huikumbuka.

Wiki ileile Katibu wa ngumi wa wilaya alinifuata ghalani, nilikokuwa karani wa mizani ya kakao. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ambayo sikuwahi kumwona bila kuivaa.

"Nasikia umemaliza masomo ya jioni," alisema.

"Nimemaliza, Katibu. Hesabu nimepata nyingi kuliko mwalimu."

"Basi hicho kichwa tusikipeleke tena kwa Ambakisye. Jumamosi njoo ukae mezani, tunapungukiwa jaji."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi niliyoifanya kila Jumamosi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nieleze kidogo, maana vijana wengi mnajua kushangilia tu. Majaji huwa watatu, kila mmoja upande wake wa ulingo, mbali na mwenzake asije akachungulia. Raundi ikiisha, aliyezidi unampa kumi, mwenzake tisa. Unaandika kwenye kadi, unasaini, na mwamuzi anaichukua palepale kabla hujaanza kujuta. Konde la kuhesabiwa ni lile linalofika usoni au ubavuni kwa sehemu ya mbele ya glavu, penye vifundo vya vidole. La kuparaza na la kugonga mikono ni kelele, ingawa ndilo watazamaji hulipigia makofi zaidi.

Vifaa vya kuhesabia hatukuwa navyo, kwa hiyo majaji wa Kyela tulihesabu kwa punje za mpunga. Unakuja na konzi moja mfukoni. Kona nyekundu ikipiga konde safi, unaweka punje kulia kwa meza. Bluu ikipiga, unaweka kushoto. Macho hayatoki ulingoni, vidole vinafanya kazi vyenyewe. Kengele ikilia unatazama chini, unahesabu, unaandika. Majaji wa Mbeya mjini walitucheka kwa jambo hilo. Wao walihesabu kwa kichwa, na kadi zao zilionyesha hivyo.

Upimaji wa uzito nao ulikuwa wangu. Wale wazito wa juu niliwapima ghalani kwa mzani wa kakao, ule wa kuning'iniza: bondia anakaa ndani ya gunia lililofungwa kamba, miguu juu kama mtoto mbelekoni. Ambakisye alipoketi, mshale ulifika mwisho ukawa unatafuta pa kuendelea, na boriti ya ghala ikalia. Niliandika "zaidi ya mia" nikamwambia ashuke kabla hajaniangushia paa.

"Ndaga, Jaji," alisema, akacheka. Ndaga ni asante yetu. Meno yake yote yalikuwepo.

Katibu alinituma kwanza Ndandalo kwenye mechi za mchujo, kisha Lyulilo, na mwisho nikawa jaji wa fainali za wilaya. Kila nilikokwenda, Ambakisye alikuwa amekwisha kunitangulia kwa sifa. Alikuwa mtoto wa wafinyanzi, amekulia kwenye mitumbwi ya kusafirishia vyungu, na mabega yale aliyapata kwa kupiga kasia na kubeba udongo. Akina mama wa Lyulilo wanafinyanga vyungu vya kila kimo. Kile kikubwa kupita vyote, cha kupikia msibani, wakakiita ambakisye. Mnunuzi anafika sokoni anasema, "Nipe ambakisye mbili." Mke wangu alinunua moja. Kwa hiyo nyumbani kwangu mwenyewe, nikienda jikoni kutafuta kiporo, nilikuwa napishana na yule bwana.

"Kwani wewe kinakuudhi nini?" mke wangu aliniuliza. "Chungu kizuri, hakivuji, hakijisifu."

Nilitaka na mimi niwe na chungu. Hata kidogo, hata cha kuwekea chumvi. Nililala na kuamka na wivu huo, nikaenda nao kazini, nikarudi nao, ukanenepa kuliko mimi.

Mkubwa wangu wa pili, Afisa Michezo wa Wilaya, aliugundua. Alikuwa mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, mswalihina, mwenye shati jeupe hata katikati ya matope ya Ngonga. Siku moja aliniita pembeni.

"Karani, mbona unamtazama kijana wa watu kama aliyeiba samaki kwenye wavu wako?"

"Namtazama kikazi, Bwana Afisa."

"Kazi ina macho. Moyo wako, kama una kabati nyumbani, ufungie humo kabla ya kuja."

Kabati nilikuwa nalo. Kufungia ndiko kulikonishinda.

Ikaja fainali ya Ngonga. Mshindi wa uzito wa juu alikuwa anakwenda kambi ya mkoa Mbeya, na kila mtu alijua kwamba kutoka kambi ile mzito mzuri hakosi timu ya taifa. Ambakisye kona nyekundu, Gwakisa kona ya bluu. Gwakisa alikuwa mkulima wa mpunga wa palepale Ngonga, mtu mwema, mgumu kama kisiki, anayepiga polepole kama anayefikiria kwanza. Ulingo ulifungwa kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, kwa sababu ndiko pekee kulikokuwa kukavu. Kuku wa jirani waliijua sakafu ile kuliko wenyewe.

Raundi ya kwanza nilimpa Ambakisye, ya pili Gwakisa. Raundi ya tatu Ambakisye alicheza ngumi ambazo sijaziona tena. Aliteleza, akazunguka, mkono wa kushoto ukawa unaenda na kurudi usoni kwa Gwakisa kama mtu anayebisha hodi. Vidole vyangu viliweka punje kulia mpaka nikaingiza mkono mfukoni mara ya pili. Kengele ikalia, mabondia wakarudi kwenye kona zao kusubiri matokeo. Nikainamisha macho nihesabu.

Kuku jike, mwekundu, alikuwa amepanda mezani. Akadonoa punje moja ya kulia. Akanitazama. Ilitosha kuinua kidole, au kusema shii, jambo ambalo hata mtoto mchanga analiweza. Sikuinua kidole. Akadonoa tena, na tena, zote za kulia, kwa utaratibu kama ameajiriwa. Alipomaliza, za bluu zilikuwa nyingi kuliko nyekundu. Nikahesabu zilizobaki, kwa uaminifu mkubwa sana, nikaandika: bluu kumi, nyekundu tisa. Nikasaini.

Majaji wenzangu walikuwa wamegawana, mmoja huku mmoja kule. Kadi yangu ndiyo iliyoamua. Mkono wa Gwakisa ukainuliwa, Ngonga ikalipuka, na Ambakisye akamkumbatia mwenzake akashuka ulingoni. Gwakisa alikwenda Mbeya, akakaa kambini wiki mbili, akarudi kwa sababu mpunga wake ulikuwa unaliwa na ndege. Ambakisye hakupata nafasi nyingine.

Nilistaafu ghala, kisha nikastaafu meza. Nilipewa cheti na baiskeli, na hotuba ndefu kuhusu uadilifu wangu, ambayo niliisikiliza nikitazama viatu. Nilidhani yamekwisha. Mwaka huu akaja mtangazaji wa redio ya hapa kwetu, binti anayeitwa Tusekile.

"Shikamoo babu. Tunataka mashindano ya kufikirika," alisema. "Wazito wote wa juu wa mwambao huu, tangu zamani, kila mmoja akiwa kwenye ubora wake. Wewe utupangie wa kwanza mpaka wa nane, na utuambie nani angempiga nani."

"Kwa nini si wale wa dunia, wenye mikanda?"

"Wale wanabishaniwa kwa kila kinyozi. Hawa wetu unawajua wewe tu."

Mtu akiniambia hivyo hata kama ameniomba figo natoa. Nilifungua madaftari yangu ya ujaji, na nafasi za chini zilijipanga zenyewe. Wa nane nilijiweka mimi, maana huwezi kuwasahau waliojitolea. Juu yangu wakaja wavuvi wawili wa Matema, mwalimu mmoja wa Kyela mjini, na kinara wa Ndandalo aliyekuwa akipigana vizuri mpaka amwone mama yake uwanjani. Wa tatu Koplo Marwa, askari kutoka Mara, ambaye hakuwahi kukwepa konde. Alidhani kukwepa ni utovu wa nidhamu. Zikabaki nafasi mbili na watu wawili. Daftari lilisema Gwakisa alimpiga Ambakisye. Daftari lilikuwa na saini yangu. Nikimweka Gwakisa wa kwanza, hakuna binadamu ambaye angebisha.

Nilikaa na karatasi ile siku tatu. Ya nne nikapanda bodaboda mpaka Lyulilo.

Nilimkuta Ambakisye sokoni, anavipanga vyungu vya mkewe kwenye majani makavu visigongane ndani ya mtumbwi. Mzee sasa, lakini yale mabega bado yapo, na niliona uchungu kidogo kuyaona.

"Jaji," alisema.

"Ambakisye. Nimeombwa kupanga wazito."

"Nimesikia redioni. Mimi wa ngapi?"

"Bado. Kuna jambo la Ngonga nataka kukwambia kwanza."

"La kuku?"

Aliendelea kupanga vyungu.

"Nilikuwa kwenye kona, nimekaa, nakutazama wewe tu," alisema. "Alipodonoa mara ya kwanza nikajua utamfukuza. Alipodonoa tena, nikajua humfukuzi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimepigwa na kuku? Wangenicheka mpaka leo. Afadhali nimepigwa na Gwakisa." Akachomeka majani kati ya vyungu viwili. "Ila nilikuwa nimefunga mzigo, Jaji. Mama alinishonea begi. Baadaye tukalitumia kuwekea mbegu."

Nilimwambia, "Nisamehe." Si neno ninalolitumia sana, lilitoka limepinda. Akafuta udongo mikononi.

"Mimi nimezeeka, hata wakicheka siumii. Andika yote, na kuku umwandike. Halafu uniweke ninapostahili. Siyo kwa kunionea huruma."

Mkewe akaniletea ugali na mbasa, samaki wetu wa ziwani, na walionizunguka pale sokoni walikuwa wakimsalimia yeye kila baada ya tonge langu. Nilikula nikiwaza kwamba hata katika kusamehe amenizidi, na sikufurahi kama nilivyotarajia. Nasema hivyo kwa sababu vijana wanaotaka kuwa majaji hudhani wivu unastaafu pamoja na mtu. Wa kwangu haujachukua hata likizo. Anayekalia meza ile asijiamini kwa kuwa ni mwema. Ajijue anamwonea nani choyo, na siku mtu huyo anapanda ulingoni, ampishe jaji mwingine kiti. Mimi sikumpisha mtu, na mwenzangu akakosa maisha aliyokuwa ameyafungia mzigo.

Basi orodha ni hii: wa kwanza Ambakisye wa Lyulilo, wa pili Gwakisa wa Ngonga. Katika mashindano ya kufikirika wanakutana fainali, na Ambakisye anashinda kwa kadi zote tatu. Kadi mbili nimeziandika haraka, raundi zote zake. Ya tatu ni yangu, nayo nimehangaika nayo tangu nirudi. Raundi ya kwanza nimempa Ambakisye. Ya pili nimempa Ambakisye. Ya tatu nimempa Gwakisa, kumi kwa tisa. Safari hii mezani hapakuwa na kuku; sina wa kumsingizia.