Jioni Nne za Bwana Ratiba

Wanafunzi ndio waliombandika jina la Bwana Ratiba, walimu wenzake wakalipokea, na mwishowe hata mkewe akawa anamwita hivyo anapotaka kumchokoza. Alikuwa makamu wa mkuu wa shule ya sekondari. Kila mwanzo wa muhula alijifungia ofisini na karatasi pana ya visanduku, penseli na kifutio, akapanga vipindi vya shule nzima. Kanuni yake ilikuwa moja: kisanduku kisibaki kitupu. Kipindi kitupu, alisema, ni darasa la kelele na mwalimu wa soga. Kwa kanuni hiyo shule ilinyooka, na hapo hakuna wa kumlaumu. Kosa lilianza siku alipoichukua kanuni ya shule akaifanya kanuni ya mwili wake mwenyewe.

Mkuu wa shule alikaribia kustaafu, na ikajulikana kuwa atakayeomba kiti chake lazima awe na shahada ya uzamili. Bwana Ratiba hakuwa nayo. Akajiandikisha chuo kikuu kwa masomo ya jioni, akaona kwamba akijikaza atamaliza kabla mkuu hajakabidhi ofisi. Mwongozo wa chuo ulishauri mwenye ajira achukue masomo mawili kwa muhula. Yeye aliona jioni nne ziko wazi. Akazijaza zote.

Mpango ulihitaji sahihi ya mshauri wa masomo. Mshauri aliyepangiwa alikuwa mhadhiri kijana, daktari wa falsafa, naye bahati mbaya au nzuri alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikuwa amemfundisha hisabati tangu binti yule ana soksi zinazoteremka. Bwana Ratiba akaingia ofisini kwake kama anayeingia darasani, na mshauri akasimama. Hakupaswa kusimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Weka sahihi hapa, binti, nina kipindi."

Mshauri akaisoma karatasi. "Mwalimu, manne? Halafu hii Takwimu ya Juu, kwa kawaida tunataka mtu aanze na ile ya msingi, maana..."

"Nani alikufundisha kujumlisha?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi niachie hesabu zangu."

Akacheka kidogo, akaweka sahihi. Heshima ni jambo la kheri. Lakini heshima inayomfunga mdomo mtu mwenye wajibu wa kusema ni woga uliovaa suti.

Muhula ukaenda mbio. Mtu aliyezoea kuwaamsha watoto wanaosinzia kwa kugonga meza alisinzia yeye mwenyewe, kalamu mkononi, mstari wa wino ukiteleza hadi chini ya ukurasa. Masomo mawili aliyamudu. La tatu lilimpitisha akichechemea. Takwimu ya Juu ilianzia pale ambapo ile ya msingi ingeishia, naye akaanguka. Wastani wake ukashuka chini ya kiwango, chuo kikamweka chini ya uangalizi. Maana yake ilikuwa hii: apandishe wastani katika muhula mmoja, la sivyo aondolewe, na aliyeondolewa haruhusiwi kurudi katika shahada ileile. Naye kwa muhula huo mpya alikuwa ameshapanga masomo mengine manne.

Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake haukuwa butu kuliko sindano zake.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaongeza bidii."

"Bidii gani tena? Uliyonayo yote umeshaivaa, na imechanika magotini."

"Mama watoto, usinivunje moyo."

"Sikuvunji, Bwana Ratiba. Nakupima tu."

Kesho yake alirudi kwa mshauri. Safari hii alifunga mlango nyuma yake.

"Andika kwamba muhula uliopita niliugua," alisema. "Takwimu itafutwa, wastani utapanda wenyewe."

Mshauri akaweka kalamu chini. "Mwalimu, uliugua?"

"Nilichoka."

"Kuchoka si kuugua."

"Binti, mimi nimekulea."

"Ndiyo maana siandiki."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo shuleni. Masikio yake yakawaka moto, mkono ukaanza kutafuta kitasa. Mshauri akamwomba akae.

"Lipo moja la kweli ninaloweza kusema. Kazi yangu ilikuwa kukuzuia, sikukuzuia. Kamati ya uzamili inaweza kulifuta somo ikiwa mshauri alimwacha mwanafunzi aliingie bila lile la msingi. Nitakwenda kuwaambia kosa ni langu."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Sijui. Mwaka huu nangoja kuthibitishwa kazini. Wakiniandikia onyo, sidhani kama watanithibitisha."

Alipaswa kukataa palepale. Hakukataa. Aliaga akateremka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke alihisi njaa. Usiku akalala vizuri, na usingizi ule haukuwa wa heshima. Siku zilizofuata alijipa moyo kwamba hakuna uongo wowote atakaoutamka mbele ya kamati. Kazi yake ni kunyamaza tu. Watu wenye adabu zao hudanganya hivyo.

Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyolalamika kila ilipozunguka. Mwenyekiti alikuwa profesa mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mshauri akasimama, akaeleza bila kujipamba: mpango ulizidi, somo la msingi lilirukwa, naye aliuona na akausaini.

"Hukumshauri?" mwenyekiti aliuliza.

"Sikumshauri inavyotakiwa."

Mwenyekiti akavaa miwani, akamgeukia Bwana Ratiba. "Mwalimu, unakubali? Hukushauriwa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Neno hilo lingefuta Takwimu, lingemtoa kwenye uangalizi, lingemwacha aendelee na mwendo wake hadi kwenye kiti cha mkuu. Alimtazama mshauri. Alikuwa ameinamisha uso, vidole vikishika ukingo wa meza kama mtoto anayengoja daftari lake lisahihishwe. Feni ikazunguka, ikazunguka tena. Mjumbe mmoja akatazama saa.

"Mwalimu, tunakusikiliza."

"Alianza kunishauri," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. "Nilimkatiza."

"Ulimkatiza vipi?"

"Nilimwita binti."

Mjumbe mmoja akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Nilimwambia aniachie hesabu zangu. Akasaini kwa sababu miaka ile nilimfundisha hisabati na kuniogopa pamoja. Hisabati ilimfaa. Hilo jingine ndilo limetuleta hapa."

"Unaelewa kwamba kwa maneno hayo hatuna sababu ya kukufutia somo?"

"Naelewa."

Walitolewa nje. Walikaa kwenye benchi la korido bila kutazamana, mlango ukiwa umefungwa, sauti za ndani zikipanda na kushuka. Mshauri alisema polepole, "Mwalimu, ungeniacha tu." Yeye akajibu, "Nyamaza kwanza, wanaamua."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Alama ya Takwimu inabaki. Uangalizi unabaki. Muhula huu achukue masomo mawili tu, moja likiwa takwimu ya msingi, na akishuka hata kidogo anaondoka. Ile ya juu atairudia baadaye. Mshauri naye akapewa onyo la maandishi, kwa sababu alianza kushauri lakini hakumaliza, na kamati haikuona sababu ya kumsamehe. Walikuwa sahihi.

Nyumbani mkewe alikuwa akipiga pasi gauni la mteja.

"Kwa mwendo huo hutamaliza kabla mkuu hajastaafu," alisema baada ya kusikiliza.

"Sitamaliza."

"Kiti ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Akaigeuza pasi, akanyoosha mkono wa gauni. "Afadhali. Ulikuwa umeanza kutembea kama mkuu, na bado wewe ni mume wangu."

Kiti kilikwenda kwa mwalimu kutoka shule nyingine, aliyekuwa mdogo kwake. Bwana Ratiba alimkabidhi faili na kumwonyesha swichi za ofisi. Jioni mbili kwa wiki alikwenda chuoni, akakaa na vijana wanaoanza takwimu, akauliza maswali yaliyowafanya wageuke kumtazama. Mtihani wa mwisho ulipofika alikosa usingizi, na matokeo yalipokawia alikosa tena.

Mshauri ndiye aliyempigia simu.

"Mwalimu, umevuka. Kwa chupuchupu, lakini umevuka. Wamekutoa kwenye uangalizi."

Akaegemea ukuta wa ofisi ya walimu. "Ahsante. Na wewe, wamekuthibitisha?"

"Hawajanithibitisha. Wamesema niombe tena mwakani."

Kengele ya kipindi ikalia. Watoto wakaanza kumiminika koridoni, naye akaziba sikio moja ili amsikie vizuri.

"Basi nieleze," akasema, "Takwimu ya Juu niichukue muhula ujao, au ningoje?"

"Ngoja, Mwalimu."

"Nitangoja."