Boti Tuliyoifuga

Baba yangu aliuza ng'ombe wake wa mwisho kwenye soko la Kitshanga huku mimi nimesimama pembeni yake, na hakunitazama usoni mpaka tulipofika nyumbani. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemsumbua miezi mingi kwamba katika milima ya Masisi, siku hizo za vita, ng'ombe hakuwa mali tena bali mwaliko. Leo walikuja wenye bunduki hawa wakachukua wawili. Kesho walikuja wale waliokuwa wakiwafukuza hawa, nao walikuwa na njaa ileile. Nikamwambia tuuze kabla hatujaporwa, tununue boti.

"Boti?" alisema. "Sisi batu ya mulima?"

Ndiyo, sisi watu wa mlima. Mimi nilikuwa mtengenezaji wa jibini kwa maziwa ya kununua, yale maduara ya njano ambayo kwetu tunayaita fromaji, na yalikuwa yanaharibikia njiani. Barabara ilikuwa na vizuizi vingi kuliko madaraja, na kila kizuizi kilitaka kuonja. Ziwa Kivu halikuwa na kizuizi katikati. Mtu mwenye boti yake pale Kirotshe angeweza kuteremka na mzigo mpaka Bukavu, mwisho kabisa wa ziwa, bila kumwamkia askari hata mmoja hadi bandarini. Hilo ndilo nililolitaka, na mimi nikitaka jambo hata usingizi hunikimbia.

Baba alikubali, lakini aliweka sharti lake mbele yangu na mbele ya kaka yangu. "Boti ikikataa kutembea, mimi narudia ku mulima. Nitakufia kwetu."

Hakuwa anatutisha. Tulikuwa tumekwisha kukimbilia Kirotshe, kando ya ziwa; kilima chetu kilikuwa kimebaki bila watu, na wazee waliorudi kulinda nyumba zao hatukuwaona tena. Kwa hiyo sikuwa nanunua chombo cha biashara tu. Boti ikishindwa, ningempoteza baba yangu, na ningempoteza kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe.

Muuzaji alikuwa mtu wa kisiwa cha Idjwi, mnene, mcheshi, mdomo wake haujui likizo. Boti yake ilikuwa ya mbao, ya zamani, ilianza kwa kuvua sambaza, vidagaa vya ziwa letu, kisha ikabeba kreti za bia, na nyuma ilikuwa na kibanda kidogo cha nahodha ambacho rangi yake ya buluu ilikuwa imebanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Injini ilikuwa ya dizeli, imetolewa kwenye lori. Hapo kaka yangu alitabasamu. Alikuwa fundi wa malori ya njia ya Walikale mpaka njia yenyewe ilipokufa kwa matope na risasi, na injini ile aliijua.

"Hii boti iko nguvu, Mama!" muuzaji aliniambia. "Hata muvua, hata mupepo, haiogope kitu! Dada ya hii haiko mu Kivu muzima!"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimnong'oneza kaka yangu hivyo, naye akanikanyaga mguu ninyamaze.

Lakini mnunuzi mwenyewe alikuwa baba, na baba alijua kununua kitu kimoja tu hapa duniani. Kwetu ng'ombe hanunuliwi siku ya kwanza. Unakwenda, unasalimia, unakunywa unachopewa, unarudi nyumbani bila kutaja bei. Unarudi siku ya mvua umwone amelowa. Unarudi asubuhi mapema, kabla mwenyewe hajampiga maji na kumpendezesha. Baba aliifanyia boti vivyo hivyo, na muuzaji nusura apate wazimu. Baba aliingiza kichwa chini ya sakafu akanusa. Alipita na kisu akichoma mbao moja moja karibu na mstari wa maji, na mbili zikamegeka kama mkate. Injini ilipowashwa akainama kusikiliza.

"Inakohoa," alisema.

"Papa, ni asubuhi. Kila moteri inakohoaka asubuhi."

"Na mama yake ilikuwa nini?"

Muuzaji alinitazama kuomba msaada. Nikamfafanulia kwamba mzee hanunui mnyama ambaye mama yake hamjui. Mtu wa kisiwani akafikiri, akajibu kwa heshima kubwa kwamba mama yake ilikuwa libuyu, mti wa msitu wa Walikale. Baba alitikisa kichwa kukubali. Libuyu alilijua, mlango wa nyumba yetu ulikuwa wa mbao hiyo. Siku ile tulipatana, na mbao mbili mbovu zikabadilishwa kabla hatujamaliza kulipa.

Kisha tukafanya kosa ambalo nadhani ni wafugaji tu wanaoweza kulifanya.

Ng'ombe aliyenunuliwa haachiliwi malishoni papo hapo. Anawekwa ndani, anazoea harufu ya watu wake wapya, na jioni unawasha moto wa samadi pale zizini ili moshi ufukuze wadudu. Baba aliagiza boti ivutwe juu, mbali na maji, isije ikaibwa wala kuchukuliwa na askari. Tukakodi vijana wa nguvu wakaivuta mpaka uani. Tukaijengea paa la turubai na nyasi. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, na kila jioni baba alikaa kando yake na moto wake, moshi ukiingia katika kila ufa. Kaka yangu alifungua injini akaisafisha kipande kwa kipande, na mimi nikapaka kibanda rangi. Tuliipenda boti ile, lazima niseme. Wiki zikapita hivyo, na majirani walikuja kuiona kama wanavyokwenda kumwona mzazi aliyejifungua.

Siku tuliyoirudisha ziwani, Kirotshe nzima ilikuwa ufukweni. Boti iliingia majini kwa madaha, ikaelea, watu wakapiga vigelegele. Halafu maji yakaanza kuingia. Hayakuingia mahali pamoja ambapo ungeweza kuziba kwa kitambaa. Yaliingia kila mahali, kila ubao ukitiririsha upande wake. Tuliivuta ufukweni kabla haijazama. Vigelegele viligeuka kicheko. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti kama tumenunua boti au chujio, na mimi nikamjibu neno ambalo sitaliandika.

Baba hakucheka wala hakugomba. Alikwenda ndani akarudi na fimbo yake na koti lake.

"Kesho napanda ku mulima," alisema.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki. Nilimwomba anipe mpaka siku ya soko tu, kisha nikatuma habari kisiwani: muuzaji aje, au mimi nitamfuata, na nikimfuata hatanipenda. Alikuja. Alizunguka boti, akapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mbao, akaona paa letu, akaona majivu ya moto. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mumeikausha! Muliiwekea moto kama nyama! Boti inakunywaka mayi, Papa. Mbao ikikunywa inavimba, inajifunga yenyewe. Muizamishe."

"Tuizamishe?" baba aliuliza.

"Yote. Mutoe moteri, mujaze majiwe, ilale mu mayi mpaka ishibe."

Baba alinigeukia. Machoni mwake niliwaona ng'ombe wake wote, na sasa mtu mnene anamwambia awatupe ziwani kwa mkono wake. Muuzaji angeweza kuwa mwongo. Kaka yangu alijua injini, mbao hakuzijua. Nani angeamua? Nikaamua mimi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimekwisha kuvua. Nilikunja kitenge, nikabeba jiwe la kwanza, nikalitumbukiza ndani ya boti yetu. Kaka yangu akafuata. Baba akaweka fimbo chini naye akainama kuokota jiwe.

Kaka yangu alitoa injini, tukaisukuma boti ikazama pale kwenye maji ya kifuani, kibanda chake cha buluu kikabaki kikichungulia nje. Watu hawakucheka tena. Walitusikitikia, na hilo liliniudhi zaidi. Siku zile milio ya silaha nzito ilianza kusikika kutoka upande wa Sake, na familia zenye vitanda na magodoro kichwani zikapita kuelekea Minova. Walitushauri tuondoke nao. Nilisema hatuondoki bila boti. Kila asubuhi niliingia majini nikapapasa mbao kwa vidole, na kila asubuhi nafasi ilikuwa nyembamba kidogo. Milio ilisogea. Siku ambayo ukucha wangu haukuingia tena, niliita watu.

Tulitoa mawe, tukateka maji kwa ndoo na masufuria, wapita njia wakaweka mizigo yao chini wakatusaidia. Boti iliinuka polepole. Tulisubiri, wote tumeinamia ndani yake. Sakafu ilibaki na unyevu tu. Kaka yangu alirudisha injini, ikakohoa, ikakubali.

Tulipakia fromaji zangu kidogo na watu wengi, wanawake na watoto kwanza, na muuzaji mwenyewe, ambaye hakuwa amerudi kisiwani, akashika usukani kumfundisha kaka yangu njia. Baba hakujua kuogelea. Alipanda wa mwisho, akaketi katikati, akashika ubao kwa mikono yote miwili, na ziwa lilipotuinua alifumba macho. Upepo wa mchana ulitupiga kweli. Watoto walitapika, nami nilitapika pamoja nao. Maji pekee yaliyoingia ni yale yaliyoruka juu ya ukingo.

Tulifika Bukavu jua likielekea kuzama. Watu walishuka, wengine wakinishika mikono. Tulikuwa na jamaa mjini, nyumba yenye vitanda, na nilimwambia baba twende akapumzike. Fimbo yake ilikuwa mkononi, koti limefungwa, na bado sikujua kama angebaki nasi. Boti ilikuwa imetembea, lakini mtu anaweza kutimiziwa sharti lake na moyo wake ukapanda mlima vilevile.

Alitazama bandari, wachukuzi, askari, vijana waliokuwa wanazungukazunguka boti yetu wakiikagua. Huko kwetu, kundi la ng'ombe likiwa mahali pageni, hakuwahi kulala nyumbani. Alilala nalo.

"Muende nyinyi," alisema. "Muniletee blanketi. Mali hailalaka peke yake."

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa kibanda. Nilimwitikia ndiyo Papa, nikatembea haraka mpaka nyuma ya magunia ya wachukuzi ili nilie vizuri, kisha nikaenda kutafuta blanketi.