Kumbe Hospitali Imepanga

Mama yangu amekuwa mpangaji maisha yake yote, na kwake neno kodi lina maana moja tu: ile ya nyumba. Kwa hiyo asubuhi moja, redio yake pale mtaani Jericho iliposema hospitali za umma huenda zikadaiwa kodi ya ardhi, alipunguza moto wa chai akanitazama.

"Kumbe hospitali nayo imepanga?"

Nilicheka hadi nikapaliwa na mkate. Nikamfafanulia kwamba kodi hii hutozwa mwenye ardhi, si mpangaji. Kwamba hospitali ni ya serikali, na anayedai ni serikali pia. Alinisikiliza kwa upole, akasema ahsante, mwalimu, kisha akauliza: ikiwa serikali inajidai yenyewe, nani ataleta kufuli? Nikaenda kuoga. Nilipotoka bafuni alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kanisani.

Alikuwa anaifuata faili yake. Mama ana presha, na faili yake ya kliniki, yenye dawa zote alizowahi kupewa, hukaa hospitalini. Alitaka kuitoa kabla mlango haujafungwa. Nilimfuata nikiwa nimeshaanza kuona aibu, na tulipofika kwenye dirisha la rekodi nikasimama kando, kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake.

Dada wa rekodi alimsikiliza bila kucheka, jambo lililonishinda mimi.

"Shosh, faili haitokangi hapa," akamwambia, kama anayeongea na nyanya yake. "Na hakuna mtu anatufungia."

"Hata sisi tuliambiwa hivyo," Mama akasema.

Kicheko kikaniisha. Nilikumbuka nyumba tuliyopanga kabla ya kuhamia Jericho, na siku tuliyorudi kutoka shule tukakuta kufuli ya mwenye nyumba mlangoni kwa sababu kodi ilikuwa imechelewa. Dawa ya pumu ya mdogo wangu ilikuwa mezani, tunaiona kupitia dirisha, naye anahema pale nje. Mama alipofika alivua kiatu akavunja kioo. Nilikuwa nimeisahau kabisa siku hiyo, na niliona haya kwamba yeye hakuwahi kuisahau.

Nikasogea dirishani, nikamwomba yule dada atusomee majina ya dawa, moja moja, nami nikayaandika kwenye daftari.

"Andika polepole, mwalimu," Mama akasema. "Usiruke hata moja."