Mutoto wa Maganda ya Mugomba

Mupaka leo nikiona guirlande ya plastiki, ile mikufu ya mapambo ya Noeli, mu maduka ya Butembo, ninakasirika. Batu banasema nimezidi, eti Noeli ni furaha. Mais mimi na ile plastiki tuko na kesi, na kesi yenyewe haijaisha.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Beni, ku Bungulu. Mama yangu alitukimbilia kutoka Mbau, baada ya vita kufika mu mashamba. Alikuja na nguo alizovaa, na kitu kimoja alichofunga mu kitenge: Mutoto Yezu, murefu kama kiganja, alimusuka mwenyewe na maganda makavu ya mugomba wa shamba lake. Lile shamba hakuliona tena. Donc mutu asiniambie kilikuwa kitu cha mapambo tu.

Mu shirika letu la kanisa, kila Noeli tulikuwa tunatengeneza bitu kwa mikono. Banaume banasimamisha migomba miwili ku mulango wa kapela. Batoto banakata makaye ya masomo ya mwaka uliopita, banabandika minyororo ya karatasi na uji wa muhogo. Mama anasuka Maria na Yosefu bapya, anabaweka mu kibanda cha majani. Mutoto, yeye alikuwa yule yule wa Mbau, na hapana kumuweka kabla ya misa. Ni wakati wa kuimba Utukufu ndio mama muzee kuliko bote anamubeba kutoka mulangoni mupaka kibandani. Tangu afike kwetu, mubebaji alikuwa mama yangu.

Mwaka ule prezida wa shirika, mama wa biashara, alirudi kutoka Butembo na katoni nzima: guirlande, nyota za kung'aa, na mudoli wa plastiki mwenye macho ya buluu.

“Bamama, tuachane sasa na haya majani,” akasema. “Bageni banatucheka.”

“Nani anacheka? Utuonyeshe yeye,” nikasema.

“Dada, usikasirike. Ni maendeleo.”

Nikamujibu kama maendeleo ni kumupa Yezu macho ya buluu, abaki nayo kwake. Mama akanivuta kitenge. “Acha, mutoto wangu. Nafasi inatosha yetu na yao.” Tukasikilizana: guirlande ku mulango, mudoli abaki mu katoni.

Siku yenyewe misa ilipangwa saa tisa ya mchana, kwa sababu ya usalama. Tangu asubuhi bamama balikuwa banapika maharagi inje. Mama alikuwa amemufunga Mutoto na majani makavu asivunjike, akamutia mu kagunia nyuma ya mulango, kisha akaketi karibu, anamalizia kofia ya Yosefu. Mimi nilikuwa juu ya benchi, ninatoa guirlande ambayo prezida alitandika juu ya minyororo ya batoto. Yeye anavuta huku, mimi ninavuta huku, maneno yanaruka.

Mupishi akauliza kutoka inje: “Kitu cha kuwashia moto kiko wapi?”

Sauti ikamujibu kutoka ndani: “Mu gunia, nyuma ya mulango.”

Tulijua wakati mama alienda kumuchukua Mutoto na kukuta nafasi tupu. Nilikimbia inje. Chini ya sufuria kulikuwa majivu. Nikarudi, nikamusimamia prezida mbele ya batu bote.

“Umefurahi? Ulitaka aende, ameenda.”

“Mimi niko hapa na wewe tangu asubuhi,” akasema.

Nikamwita mulozi, mchawi, mbele ya batoto. Mupishi alitaka kusema neno, nikamwambia afunge kinywa. Prezida akalia, na mimi, nasema ukweli, nilifurahi kumuona analia.

Basi balimupa mama yule mudoli, hapakuwa na mwingine. Akamubeba polepole kama kila mwaka, akamulaza. Alikuwa munene kushinda Maria na Yosefu. Baada ya misa mama alikula maharagi, akaomba kuongezewa. Mimi sikugusa sahani.

Mu njia ya kurudi nilikuwa bado ninatukana.

“Acha yule mama,” mama akaniambia. “Ni wewe ulimwambia mupishi nyuma ya mulango. Nilikuwa pale, macho ku kofia ya Yosefu. Nilifikiri unasema bigunzi.”

Nilitaka kukataa. Mais bigunzi bya mahindi, bya kuwashia moto, kila mwaka bilikuwa nyuma ya ule mulango. Mwaka ule tu bilihamishwa jikoni. Nilijibu bila kugeuza kichwa, guirlande mu mukono.

“Na kwa nini haukusema mbele ya batu?”

“Ulikuwa umekwisha kumwita mulozi. Ningekuweka wapi?”

Sasa tunakaa Butembo. Prezida akikuja huku kununua bitu, tukikutana mu soko, ni yeye ananisalimia wa kwanza. Sijamuomba musamaha. Kukasirikia plastiki ni rahisi zaidi.

Mama hajasuka mwingine. Kila mwezi wa kumi na mbili ninamuletea maganda makavu ya mugomba, mazuri, nimeyachagua mwenyewe. Anayapokea na mikono miwili, ananiambia wasingya, asante ya kwetu, anaenda kuwasha nayo moto.