Bi. Nukta na Herufi X

Watu walimwita Bi. Nukta, na jina hilo alilipata kihalali. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, mashine moja ya kuchapa na benchi la wateja lenye mguu wa tofali. Hapo aliwachapia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kumwambia mpangaji ahame. Barua isiyo na nukta mwishoni haikutoka mle ndani. Mteja hata akiapa kwamba gari linamwacha, Bi. Nukta huirudisha karatasi kwenye mashine, taratibu, akagonga mara moja. "Haya, sasa umemaliza kusema," humwambia.

Alikuwa na imani moja kubwa: kilichoandikwa kimeandikwa. Maneno ya mdomo ni upepo, leo yako huku, kesho yako kule. Na alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ni pombe. Miaka ishirini na minne nyuma alikuwa na mume, fundi wa kupaka vanishi kwenye karakana ya samani, aliyerudi kila jioni akipepesuka, macho mekundu. "Nimelewa, mke wangu, nipishe nikalale," ndiyo ilikuwa salamu yake. Bi. Nukta alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akakaa mbele ya mashine akamchapia shemeji yake mistari minne: njoo umchukue ndugu yako, mimi mlevi simtaki. Nukta. Shemeji akaja, mume akaondoka na sanduku lake bila ubishi.

Kwa hiyo binti yao alipoleta mchumba, swali lilikuwa moja tu.

"Unakunywa?"

"Sinywi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata soda inanipa kiungulia."

Akapewa mke.

Mkwe huyu alifanya kazi kiwanda cha viatu, chumba cha gundi. Unapaka soli kwa brashi, unangoja, unabandika. Unapaka, unangoja, unabandika. Miaka tisa. Feni ilikuwapo, ikaharibika. Madirisha yalikuwapo, yakafungwa ili vumbi lisiingie kwenye gundi. Jumanne moja, saa nne asubuhi, mkwe alisimama, akayumba, akaangukia rundo la viatu vya kike namba thelathini na nane. Msimamizi akaja mbio.

"Vipi wewe?"

"Nimelewa," akasema mkwe, kisha akatapika.

Lo! Kwa kinywa chake mwenyewe! Sisi tunaoisema lugha hii tunajua mtu hulewa jua, hulewa usingizi, hulewa mawimbi, na wengine tunaowajua hulewa sifa mchana kweupe. Lakini msimamizi alisikia ulevi wa aina moja, akampelekea habari afisa utumishi, na kwa kuwa barua nzito pale kiwandani huandikwa Kiingereza, mkwe alirudi nyumbani na bahasha ya Kiingereza. Amekutwa kazini amelewa, amekiri, afike Ijumaa kujieleza kabla hajafukuzwa.

Kesho yake binti aliileta barua kwa mama yake huku analia, mkwe nyuma yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, sikunywa. Ilikuwa gundi."

"Gundi hailevyi. Gundi inagandisha."

"Mama, haki ya Mungu."

"Barua imesema." Bi. Nukta hakupandisha sauti. Akamgeukia binti. "Chumba chako bado kipo. Godoro nitalianika leo."

Binti alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akatoka nje kulilia huko. Mkwe akamfuata. Barua ikabaki juu ya meza.

Sasa Bi. Nukta angeweza kuikunja akaendelea na shughuli zake. Tatizo ni kwamba aliisoma tena, na mstari wa tatu ukamkera kuliko habari yenyewe. Lile neno la Kiingereza la kulewa lilikuwa limeandikwa "intocsicated". Hata mtu akifukuzwa, afukuzwe kwa tahajia sahihi! Akaiteremsha kamusi yake ya Kiingereza kutoka rafuni, apate kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Jalada la kamusi hiyo lilikuwa limebanduka mwaka uliopita, na mkwe ndiye aliyelibandika, kwa gundi kidogo aliyoleta kutoka kazini. Siku ile chumba kilinuka mpaka Bi. Nukta akafungua mlango. Kichwa kikamzunguka hadi mchana, na katika barua ya mteja mmoja akagonga nukta mbili mahali pa moja. Hilo halikuwahi kutokea kabla wala baada yake. Akiwa na kamusi mkononi, akalikumbuka.

Akatafuta neno. Lilikuwa na X, herufi ambayo kwa Kiswahili tumeishi bila yake na hatujapungukiwa kitu. "Intoxicated." Mbele yake, maana ya kwanza: kutiwa sumu. Maana ya pili: kuleweshwa. Na chini, kwa maandishi ya sisimizi, asili yake: limetoka Kilatini, na Kilatini kililichukua kwa Wagiriki, ambao kwao shina lake lilikuwa upinde. Sumu yenyewe ilikuwa ile ya kupaka kwenye mishale.

Akasoma mara tatu. Godoro halikuanikwa.

Ijumaa alifika kiwandani na mkwe wake, kamusi kwapani.

"Mama, wewe ni nani katika shauri hili?" afisa akauliza.

"Mama mkwe. Tena mchapaji." Akaiweka barua mezani. "Kwanza, hapa panataka X."

"Ahsante, mama."

"Pili, umeandika kwamba mfanyakazi wako ametiwa sumu, akiwa kazini, saa nne asubuhi. Sahihi yako hii, na mhuri huu. Mimi nimekuja kuuliza tu ni sumu gani."

Afisa akasoma kamusi, akasoma barua yake. "Mama, mimi sikumaanisha hivyo."

"Ulichomaanisha ni upepo, mwanangu. Kilichoandikwa kimeandikwa."

"Lakini mwenyewe alikiri amelewa!"

"Twende basi chumba cha gundi, mimi na wewe. Tukae tuone."

Wakakaa juu ya makreti, wafanyakazi wakipaka na kungoja na kubandika. Dakika ya ishirini afisa alishika ukuta.

"Umelewa?" Bi. Nukta akamuuliza.

"Kidogo," akasema afisa, kisha akaufumba mdomo wake, lakini msimamizi na watu kumi na wawili walikuwa wameshasikia.

Mkwe akarudishiwa kazi siku hiyohiyo. Madirisha yakafunguliwa, na Jumatatu feni ikatengenezwa. Getini Bi. Nukta akamshika mkwe wake mkono.

"Mwanangu, niliiamini karatasi kuliko wewe. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

Binti alikuwa akiwangoja nje. Alicheka, akalia, akamkumbatia mumewe mbele za watu. Kisha, wakiwa njiani, akauliza swali la kawaida kabisa.

"Mama, kwani baba naye si alikuwa anapaka vanishi?"

Bi. Nukta akasema ndiyo. Akashika njia ya chumbani kwake.

Labda yule mume alikunywa. Mafundi wa karakana ile walikunywa Jumamosi, kila mtu alijua. Lakini mumewe alipepesuka kila siku, na katika miaka mitatu yeye hakuwahi kumnusa kinywa. Harufu ya vanishi ilijaa nyumba nzima, naye hakutafuta nyingine. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayopandisha joto masikioni. Mtu alimwambia nimelewa, yeye akamwekea nukta.

Akatia karatasi kwenye mashine. Akaandika jina la mume wake, si la shemeji. Chini yake akachapa: Ulikuwa umelewa nini

Kidole kikaenda kwenye nukta kwa mazoea. Akakirudisha. Alama ya kuuliza kwenye mashine ile ilikuwa imekaza kwa kukosa kazi. Ilibidi aigonge mara tatu ndipo ikatokea.