Ziara ya Pili

Wakati wa vita, pale Kamina, nilikuwa msimamizi wa watu waliokuwa wakifundishwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chakula. Mkufunzi wetu, aliyetoka Lubumbashi, alisema kaya ni wale wanaokula chungu kimoja, na kwamba chungu hakidanganyi: unga ukizidi watu, uliza tena.

Siku ya mazoezi niliandamana na mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, hadi mtaa wa nyuma ya reli. Miezi ile askari walikuwa wakiingia majumbani kuchukua vijana. Mama mmoja alitupokea uani, akisonga bukari, ugali wa huko.

"Mama, munakulaka bantu ngapi?" mwalimu akauliza.

"Tuko batatu. Minyi na banabinti babili."

Mwalimu alitazama sufuria. "Batatu, bukari yote hii?"

"Tunakulaka sana, mwalimu."

Hapo mtu akakohoa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, kikohozi kizito cha mwanamume. Mwiko ukasimama. Yule mama hakutazama pazia, alitutazama sisi.

"Mbuzi yenu iko nakohoa, mama," mwalimu akasema polepole. "Muipe dawa."

"Ee. Tutaipa."

Mwalimu aliandika watatu, akauliza kipimo cha unga, akakiandika pia, tukaaga.

Mchana mkufunzi alilinganisha unga na watu, akatikisa kichwa. Jibu lenye shaka hurudiwa, alisema, na kurudia ni kazi ya msimamizi. Nilimweleza habari za askari, bila kutaja pazia.

"Sisi si askari," akajibu. Ilikuwa kweli.

Asubuhi tukarudi. Mlango ulikuwa wazi. Moto ulikuwa ukiwaka mafigani, sufuria haipo. Pazia lilikuwa limeng'olewa, na nyuma yake ulibaki mkeka mmoja, umechakaa katikati. Jirani, mzee aliyekuwa akianika mihogo, hakuinua kichwa.

"Banaenda wapi, baba?" nikamuuliza.

"Banaona nyinyi munavuka reli, banakimbia."

"Tunakuja kuuliza tu."

"Mugeni anaulizaka mara moya. Mwenye kurudia, iko anatafuta muntu."

Mwalimu alikuwa bado anautazama ule mkeka. "Na mbuzi, baba? Inapona?"

Mzee aligeuza kipande cha muhogo, akakitandaza vizuri juani.

"Mbuzi gani? Hapa minyi sikuonaka mbuzi."

Tukasimama mbele ya moto wao, hakuna aliyethubutu kuuzima.