Mama Wangapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, stesheni ya Lubudi, nilipewa kiti, chupa ya wino na onyo. Karani mkuu, mzee mmoja wa Kasai aliyevaa tai hata wakati wa joto kali, aliniambia: "Bwana akiuliza kitu, ujibu kile aliuliza. Usiongeze." Nilikuwa nimetoka shule ya mapadri, Kifaransa nakijua, nikajiona mtu mkubwa.

Ninyi vijana hamjui karatasi ilivyotutesa wakati wa Wabelgiji. Mwafrika hakuruhusiwa kuhama teritware, yaani wilaya yake, bila paspoti ya mutasyo: ruhusa iliyotaja jina, kabila, chifu, mwajiri na sababu ya safari. Kwanza ulionyesha buku, kitambulisho chenye alama ya kodi. Kisha daktari alikupapasa shingo kutafuta malale, akapiga muhuri. Mwisho ilibaki sahihi ya ajenti Mzungu. Kule Bukama, reli inapokutana na mto Lualaba, askari alisimama kwenye ngazi ya meli, na asiye na paspoti alirudishwa hata kama tikiti ameishika mkononi. Mto wetu wenyewe! Babu zangu waliuvuka walivyotaka. Nikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo.

Baadaye nilihamishiwa Kolwezi, chini ya Ajenti aliyeshughulikia wasafiri. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichonga penseli zake kila asubuhi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Paspoti ya haraka aliitoa kwa ugonjwa wa baba, mama, mke au mtoto. Wengine wote walingoja zamu, na zamu ilikuwa ndefu.

Asubuhi moja alikuja Tata, yaani Baba, Ilunga, mchimbaji wa mgodi wa Musonoi, mwenyeji wa kaskazini, kule mto unakoteremkia. Kofia ameikunja mkononi.

"Bwana, mama yangu eko anakufa. Naomba njia ya kupanda meli."

Ajenti alichukua penseli. "Weye nakujua. Kiangazi ulienda kuzika mama yako. Weye iko na mama ngapi?"

"Ule alinizala, njo nilizika. Huyu ni mama mudogo, mudogo wake. Yeye njo alininyonyesha, alinikomalisha. Ni mama."

"Huyo ni tante, dada ya mama tu. Sema: si mama yangu, nilidanganya. Ukisema, mi nasaini."

Nilisahau onyo la Lubudi. Nikasema: "Bwana, kwetu dada ya mama ni mama. Hajadanganya."

"Karani, nimekuuliza?"

Meli iliondoka Bukama mara moja kwa wiki, na treni ya kuiwahi ilikuwa inatoka siku ileile. Penseli ilikuwa juu ya karatasi. Nilimnong'oneza Ilunga kwa Kiluba aseme tu, ni maneno ya ofisini, hayatafika kwa mama.

Alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili Ajenti asikie: "Yeye eko analala pale, anauliza mutoto wake eko wapi. Mi niseme hapa hana mutoto? Nitamuangalia mu macho namna gani?"

Ajenti aliweka penseli chini. Ilunga akavaa kofia yake humo humo ofisini, jambo ambalo hakuna mtu aliyethubutu kulifanya, akatoka.

Miezi michache baadaye Ajenti naye alipata simu ya maandishi kutoka Ulaya. Mama wa mke wake yu hoi. Kwa Kifaransa mtu huyo huitwa belle-mère, yaani mama mzuri. Ndege ilitafutwa, na hakuna aliyemwuliza ana mama wangapi. Nililiandaa faili lake mimi mwenyewe, meno nimeyauma.

Kiti chake kikiwa kitupu, Ilunga alirudi. Kichwa amenyolewa kama mfiwa. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia kwamba bwana hayupo, naweza kumwomba naibu wake amsaidie apate njia ya kwenda kilioni.

"Hapana, karani. Balishamuzika. Mi nilikuja uandike tu: Ilunga alifiwa na mama."

Niliandika, nikampigia muhuri ambao hakuna sheria iliyouruhusu.

Sasa nimestaafu, na wajukuu wanakuja kunisalimu. Mara kwa mara mmoja husema wakati wa Wabelgiji kulikuwa na utaratibu. Simfokei, ingawa natamani. Namwuliza ana mama wangapi. Huanza kuhesabu kwa vidole: mama aliyemzaa, mama mkubwa wa Likasi, mama mdogo wa hapa Kolwezi, mama mdogo mwingine aliyemlipia shule. Anahesabu huku akicheka. Anapomaliza namwambia: "Haya. Chagua mmoja. Wengine uwakane hapa mbele yangu, ndipo upande meli."